Kufuta Simu kwa Kompyuta Si Kuifungulia Kufuli

Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, wiki haipiti bila mtu kuniwekea simu mezani na kusema, “Fundi, ichomeke kwenye kompyuta, futa yote, ianze upya.” Kauli hiyo moja imebeba kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kufuta vitu vya mwenye simu: picha, ujumbe, programu alizopakua. Ya pili ni kuandika upya mfumo wenyewe, Android au iOS, pale ulipoharibika. Ya tatu ni kuitoa simu kwenye akaunti ya mtu aliyeisajili. Kompyuta ni chombo cha kazi ya kwanza na ya pili. Kazi ya tatu ni ya mwenye akaunti, na kwa kuichanganya na zile mbili watu wengi wamepoteza hela zao.

Anayenunua iPhone kwa bei ya chini kule kwenye egesho la taksi huambiwa, “Ina akaunti ya mtu kidogo tu, fundi ataitoa kwa kompyuta.” Si kweli. Apple iliweka kufuli la akaunti kuanzia iOS 7, mwaka 2013. Simu ikiwa imewashiwa huduma ya kuitafuta inapopotea, taarifa za umiliki hukaa kwenye seva za Apple, yaani kompyuta zake za mtandaoni, si ndani ya simu. Naweza kuiingiza kwenye rikavari, hali ya kurejesha simu kwa kompyuta, nikaifuta na kuiandikia iOS mpya hadi ikawa safi kama imetoka dukani. Ikiwaka tu na kushika intaneti, itadai nywila ya akaunti ile ile. Nimewahi kumwonyesha kijana hatua hizo zote mwanzo hadi mwisho ili aamini, na iliniuma kuona uso wake skrini ilipomrudisha pale pale alipoanzia.

Android nayo ina ulinzi wake tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, ila hapa kinachoamua ni njia uliyotumia kufuta. Mwenye simu akiifungua kwa PIN yake, akaingia kwenye mipangilio na kufuta humo, kwa kawaida simu huamini kwamba ni yeye na haimsumbui. Akifuta kwa kubana vitufe vya pembeni, au simu ikifutwa kwa kompyuta, inapowaka itauliza akaunti ya Google iliyokuwamo. Wapo mafundi wanaopenya kwa kutumia mapengo ya programu, na Google imekuwa ikiyaziba toleo baada ya toleo. Kupenya huko hakuna uhusiano na kuirejesha simu kama ilivyotoka kiwandani, na mimi siifanyi kazi hiyo kwa simu ambayo mwenyewe simjui.

Kwa hiyo unaponunua simu iliyotumika, muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako kabla hujahesabu hela. Kama ameshasafiri na iPhone unayo, bado anaweza kuingia iCloud, huduma ya mtandaoni ya Apple, kwenye kivinjari popote alipo na kuiondoa simu hiyo kwenye akaunti yake. Na kama simu ni yako ila nywila ya Google umeisahau, ibadilishe kwanza, kisha subiri saa 24 kabla ya kufuta chochote. Wengi hubadilisha nywila asubuhi, mchana wanafuta simu, jioni wanashangaa kukataliwa.

Dhana nyingine huja na hofu ya kweli kabisa. Mama mmoja anayeuza mukene, dagaa wetu, alikataa simu yake isiguswe kwa sababu, alisema, hela za mtaji ziko humo. Nilimwomba atoe laini na kuichomeka kwenye katochi, simu ndogo ya vitufe, ya mwanawe, kisha apige *165#, namba ya hela za simu za MTN. Salio lake lilikuwepo lote. Hela za MTN ziko kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa namba yako, na za Airtel, unazozifikia kwa *185#, ni vivyo hivyo. Simu ni dirisha tu la kuzitazamia. Kinachohitaji ulinzi ni laini na PIN, ndiyo maana namwambia kila mteja atoe laini yake aondoke nayo kabla ya kuniachia simu. Fundi hana haja ya laini yako ili afute simu. Akiidai, muulize ni ya nini.

WhatsApp ni kinyume chake. Watu hudhani kwa kuwa namba ni ile ile, mazungumzo yatarudi yenyewe. Namba hurudisha akaunti na makundi, basi. Mazungumzo na picha hurudi tu kama yalihifadhiwa nje ya simu: kwenye akaunti ya Google kwa Android, au iCloud kwa iPhone. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na ikijaa, hifadhi husimama kimya kimya. Tazama tarehe ya mwisho ya hifadhi ndani ya WhatsApp yenyewe. Nimeona simu zenye tarehe ya miezi minane nyuma, na mwenyewe anaapa kwamba kila kitu kimehifadhiwa. Majina yaliyo kwenye laini hubaki na yaliyo kwenye simu peke yake huondoka. Kadi ya kumbukumbu kwa kawaida haiguswi, lakini itoe tu.

Kuhusu intaneti, wateja wa iPhone hawanielewi ninapowaambia walipie bando. “Kompyuta si unayo, fundi?” Ninayo. Kwenye Mac kuanzia toleo la Catalina la 2019 kazi hii hufanyika ndani ya Finder, programu yake ya kufungulia mafaili, na kwenye Windows kwa iTunes au programu mpya ya Apple Devices. Lakini faili la iOS kwa simu za karibuni linazidi GB 5, na hapa kuna jambo linalowatesa hata mafundi: upakuaji ukipita dakika 15, simu hutoka yenyewe kwenye rikavari. Fundi hudhani imekataa, anaanza upya na kuchoma bando mara ya pili. Acha upakuaji umalizike, ndipo uirudishe simu kwenye rikavari na kuendelea. Ukiwa na faili tayari kwenye flashi, bonyeza kitufe cha kurejesha huku umeshika Shift kwenye Windows au Option kwenye Mac, ulichague mwenyewe. Hata hivyo bila intaneti haitaenda, kwa sababu seva za Apple lazima zikubali toleo hilo kwa simu hiyo kwanza. Ndiyo maana pia hatuwezi kumrudishia mtu iOS ya zamani aliyoipenda. Toleo ambalo Apple imeacha kulikubali limekwisha.

Aliyesahau namba ya siri huniuliza kama kompyuta inaweza kunakili picha kwanza, halafu ifute. Kama simu haijawahi kuiamini kompyuta hiyo, haitampa kitu bila namba ile ile aliyoisahau. Na kama shida ni namba tu, wakati mwingine hahitaji kuja kwangu: tangu iOS 15.2, iPhone iliyojifunga na bado ina intaneti inaweza kufutwa kutoka kwenye skrini yake yenyewe kwa nywila ya akaunti ya Apple. Nakala iliyohifadhiwa kwenye kompyuta bila kufungwa kwa nywila, kwa upande wake, haibebi nywila zako wala data ya afya. Ifunge, na nywila yake iandike kwenye karatasi, maana ukiisahau nakala hiyo haifunguki tena.

Umeme ukikatika katikati ya kazi simu inakufa? Mara chache. iPhone hubaki rikavari na unarudia. Kwenye Android hatari ni kubwa kidogo, hivyo tumia laptopu yenye chaji na waya mzuri.

Linalonitisha zaidi kuliko umeme ni kubofya pasipofaa. Tecno, Infinix na itel nyingi zina chipu za MediaTek, na programu ya kuziandikia mfumo ina chaguo la kufomati kila kitu. Linavutia, kwa sababu jina lake linaonyesha usafi kamili. Ndani ya hicho “kila kitu” mna sehemu inayotunza IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na vipimo vya redio ya simu. Nilipoanza kazi hii nililichagua kwa simu ya mteja. Iliwaka vizuri, lugha ikachagulika, ila mtandao haikushika, na *#06# ikaleta namba isiyo halali. Nilimlipa. Kurejesha simu kwa njia sahihi hakubadilishi IMEI hata tarakimu moja, kwa hiyo anayedhani simu ya wizi ikifutwa haitambuliki tena na mtandao amekosea. Tunza boksi la simu yako, namba hiyo imechapwa pale.

Wapo pia wanaosema kufuta kwenye mipangilio huondoa virusi vyote. Huondoa vingi, kwa sababu hufuta sehemu yako ya kumbukumbu. Hakugusi mfumo. Kirusi kilichoitwa xHelper, kilichosumbua simu za Android mwaka 2019, kilirudi hata baada ya simu kufutwa kwa sababu kilijipachika kwenye sehemu ya mfumo. Hapo ndipo kompyuta inapostahili ada yake: kuuandika mfumo upya kwa faili halisi la mtengenezaji. Si lolote ulilokuta mtandaoni.

Mwisho ni hili la “ukifuta, picha zako bado zinaweza kufukuliwa.” Kwa simu za sasa ondoa shaka. iPhone, na Android zote mpya zilizotoka na toleo la 10 kuendelea, husimba data, yaani huihifadhi kwa maandishi ya siri, na kufuta huharibu ufunguo wa kuisoma. Kinachobaki hakisomeki. Simu za zamani ni habari nyingine. Mwaka 2015 Laurent Simon na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima simu 21 za Android zilizotumika, matoleo ya 2.3 hadi 4.3, wakafanikiwa kufukua ujumbe na hata funguo za akaunti za Google baada ya kufutwa. Simu za umri huo bado naziona zikiuzwa kwenye vibanda. Ukitaka kuuza ya aina hiyo, kwenye mipangilio ya usalama tafuta chaguo la kuisimba simu nzima, iache kwenye chaji hadi imalize, ndipo uifute.