Mbwa wa bandani hakupunguzii mawazo

Wateja wangu wengi hapa Tanga wanafuga mbwa kwa sababu moja: wezi. Alfajiri anafungiwa bandani, usiku anafunguliwa, na mtu pekee anayemkaribia ni kijana wa kazi anayempelekea ugali na dagaa. Halafu mwenye nyumba ananiuliza, "Daktari, hivi ni kweli mbwa anaondoa msongo wa mawazo? Mbona huyu wangu ananiongezea?" Kweli anaondoa, mzee wangu, ila si kwa maisha hayo.

Mimi ni daktari wa mifugo. Akili za watu zina wataalamu wake. Lakini jambo hili limepimwa kwenye damu na mate. Mwaka 2003 Johannes Odendaal na mwenzake Meintjes, wa Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya vipimo vya damu ya watu 18 na mbwa 18, kabla na baada ya kukaa pamoja kwa utulivu wakipapasana. Oksitosini, homoni ile ile inayomtoka mama anaponyonyesha, ilipanda kwa mtu na kwa mbwa pia. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa watu. Mwaka 2019 watafiti wa Washington State University, Marekani, nao wakaona kwamba dakika 10 za kupapasa mbwa na paka zinatosha kushusha kotisoli kwenye mate ya wanafunzi wa chuo. Wanafunzi waliosimama pembeni wakitazama wenzao hawakupata nafuu hiyo. Hapo ndipo wafugaji wetu wanapokosea: wanaye mbwa, lakini hawamgusi.

Na kumgusa kuna namna yake. Usimpige-pige kichwani, mbwa wengi hawapendi mkono unaowashukia kutoka juu. Chuchumaa ubavuni kwake, mwache anuse kwanza, kisha mkune kifuani au chini ya kidevu, polepole. Mwanzoni mwili utakuwa umekakamaa na mdomo umefungwa. Baada ya muda mdomo unaachia, masikio yanalegea, anakuegemea kwa uzito wake wote. Ukifika hapo utajikuta na wewe mabega yameshuka. Simu iache ndani.

Kinachofuata ni kutembea. Nawashauri watoke baada ya Alasiri, lami ikiwa imepoa, maana lami ya saa saba mchana inaunguza nyayo za mbwa. Barabara ya Raskazone kandokando ya bahari inafaa sana. Nusu saa kwa siku tano za wiki, tayari umetimiza zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima. Usimburute kama askari mwenye mtuhumiwa. Akisimama kunusa kila mnazi, simama naye. Baadhi ya watu watavuka barabara wakikuona, wala usikasirike, wana sababu zao.

Hapo najua msomaji Mwislamu wa Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga, keshaguna: na najisi je? Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wakati huohuo mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Mteja wangu mmoja, mtu wa swala tano, ana fulana na msuli mkuukuu alivyovitundika nje karibu na banda, kazi yake ni mbwa tu. Anampapasa manyoya yakiwa makavu na mkono mkavu, na mbwa haingii ndani wala hasogei kwenye vyombo. La undani muulize shekhe wako, lakini mimi naona anaishi na mbwa wake vizuri kuliko wengi wasio na shaka yoyote.

Kuna watu nawakataza kabisa. Kama mawazo yako ni ya kodi ya nyumba, mbwa ni mdomo mwingine wa kulisha, na chanjo, dawa ya minyoo na ya kupe haviishi. Mtoto wa mbwa naye atakulilia usiku kucha, na sioni msongo gani unaopungua hapo. Na mtu aliyekosa usingizi wiki nyingi, au aliyeona maisha hayana maana tena, huyo aende hospitali ya Bombo akaonane na daktari. Mbwa hatibu sonona.

Swali la mwisho huwa hili: "Nikimzoeza watu, si atashindwa kulinda?" Hashindwi. Mbwa anayejua watu wake ndiye anayejua mgeni ni nani. Yule wa bandani anabweka hata kwa upepo, mpaka usiku mmoja unaacha kumsikiliza. Ili akuzoee, anza na mtu ambaye mbwa keshamzoea, yaani kijana anayempa chakula, asimame karibu wakati wewe unaweka sahani kwa mkono wako, kila siku saa ile ile. Kabla ya yote hakikisha kadi yake ina chanjo ya kichaa cha mbwa, ya kwanza akiwa na miezi mitatu kisha kila mwaka. Na akikung'ata, hata kama kachanjwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo.