Mji wa hija ni nini? Resafa, ngome ya jangwani iliyokuzwa na kaburi la mfiadini

Mji wa hija ni mji unaoendewa kwa sababu ya utakatifu wa mahali penyewe: kaburi la mtakatifu, masalia yake, au pale alipouawa kwa ajili ya imani. Soko, askari na wakubwa wa serikali huja baadaye, wakiwafuata mahujaji. Aliyewahi kufika Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni anajua umati wa namna hiyo unavyokuwa. Ila umati wa sikukuu moja haujawa mji bado. Ili kaburi lizae mji, lazima watu wapate maji, ulinzi na pa kulala mwaka mzima, na lazima kuwe na mtu wa kuyalipia yote hayo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Resafa, nchini Syria, kusini-magharibi mwa Raqqa. Pale hapakuwa na kingine cha kumvuta mtu. Mto Frati uko umbali wa kilomita 25 hivi upande wa kaskazini, hakuna chemchemi wala kijito kisichokauka, na kiangazi chake ni kikali. Jina lake ni la kale. Wengi huutambua kuwa ndio Resefu unaotajwa katika Wafalme wa Pili 19:12, miongoni mwa miji iliyoangushwa na Waashuri. Wakati wa Warumi ilikuwa ngome tu kwenye barabara ya kijeshi iliyotoka Damascus, ikapita Palmyra, hadi mtoni. Kazi ya askari wake ilikuwa kulinda mpaka na Uajemi.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 4. Simulizi la mateso yao linasema Sergius na Bacchus walikuwa maofisa wa jeshi la Kirumi, watu wa karibu na kaisari, waliokataa kutoa sadaka kwa miungu. Walivuliwa mikanda ya vyeo vyao, wakavishwa nguo za kike na kutembezwa mjini ili waaibike, kisha wakapelekwa mpakani mashariki. Bacchus alikufa kwa kipigo. Sergius alivishwa viatu vyenye misumari ndani, akakimbizwa kutoka ngome hadi ngome, na Resafa ndipo alipokatwa kichwa. Akazikwa hapo hapo.

Waliomheshimu kwanza walikuwa watu wa jirani, wakiwemo Waarabu wafugaji wa jangwani. Kufika karne ya 5 sadaka zilikuwa nyingi kiasi cha kuzusha ugomvi kati ya maaskofu. Alexander, askofu mkuu wa Hierapolis, mji mkuu wa jimbo la Euphratensis, alijenga kanisa jipya juu ya masalia kwa ratili 300 za dhahabu, yaani karibu kilo 98. Muda si muda Askofu John wa Antiokia akaipa Resafa askofu wake yenyewe. Alexander alilalamika sana, na ni rahisi kumwelewa: gharama zilikuwa zake, na sasa mahujaji na sadaka zao vilikuwa vimetoka mikononi mwake. Ugomvi huu unatufundisha zaidi kuliko miujiza yoyote, kwa sababu watu hawagombanii mahali pasipo na thamani.

Kaisari Anastasius, aliyetawala mwaka 491 hadi 518, alikwenda mbali zaidi. Alichukua kidole gumba cha mtakatifu kipelekwe Konstantinopoli, na Resafa ikapandishwa kuwa makao ya askofu mkuu, ikaitwa Sergiopolis, mji wa Sergius. Mtakatifu alikuwa ameupa mji jina lake.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo penye siri ya mji huu. Mvua ya majira ya baridi ilishuka kwa kishindo katika bonde lililo magharibi. Wajenzi wakaweka boma la kuizuia, wakachimba mfereji wa kuyaleta maji hadi ndani ya kuta, na humo wakajenga mabirika chini ya ardhi. Birika kubwa lina urefu wa karibu mita 58 na kina cha mita 13 hivi, limeezekwa kwa matao ya mawe, na lingeweza kubeba zaidi ya lita milioni 15. Hebu fikiria kazi hiyo: mvua ya miezi michache ikusanywe, itunzwe gizani isikauke, imnyweshe mwenyeji na mgeni na ngamia wake hadi msimu ufuatao. Mimi naona birika lile lilikuwa uti wa mgongo wa hija nzima. Bila hilo, mgeni angesali na kuondoka siku ile ile.

Juu ya ardhi kulikuwa na ukuta, ambao mwanahistoria Procopius anasema ulijengwa na Kaisari Justinian. Unazunguka eneo lenye urefu wa zaidi ya mita 500 na upana wa karibu 400, na umejengwa kwa jiwe la jasi linalometameta juani. Lango la kaskazini lina milango mitatu iliyonakshiwa kwa ustadi ambao ngome ya kawaida haina haja nao. Aliyetoka upande wa mto aliingilia hapo, na ndiyo maana pakapambwa hivyo.

Ukuta na maji vilipata mtihani mwaka 542. Miaka miwili nyuma, Khosrow wa Kwanza, mfalme wa Uajemi, alikuwa ameteka watu 12,000 wa Sura, mji ulio kando ya Mto Frati, na Candidus, askofu wa Sergiopolis, akaahidi ratili 200 za dhahabu ili waachiwe. Hakuweza kulipa. Khosrow akamkamata, akachukua vyombo vya thamani vya kanisa, kisha akatuma askari 6,000 kuuzingira mji. Procopius anaeleza kwamba ndani mlikuwa na askari 200 tu. Wenyeji walikuwa karibu kusalimu amri, ndipo Mwarabu Mkristo aitwaye Ambrus, aliyekuwa katika jeshi la Waajemi, akasogea ukutani usiku na kuwaambia wavumilie: maji ya Waajemi yamebaki ya siku mbili. Wakavumilia, na jeshi likaondoka kwa kiu.

Kinachonigusa mno ni jinsi mtakatifu huyu alivyoheshimiwa na watu waliokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Mjukuu wa mfalme yule, Khosrow wa Pili, hakuwa Mkristo, lakini alimwekea Sergius nadhiri akiwa katika vita vya kurudishiwa kiti chake. Alipofanikiwa alituma msalaba wa dhahabu, akarudisha na ule ambao babu yake aliuchukua. Baadaye akatuma zawadi nyingine, kwa shukrani kwamba mkewe Shirin, aliyekuwa Mkristo, amepata mimba. Nje ya lango la kaskazini kuna jengo lenye maandishi ya Kigiriki yanayomshangilia al-Mundhir, chifu wa Waarabu wa Ghassan, washirika wa Warumi. Makabila ya jangwani yalikusanyika kwenye mji huu, na aliyetaka kuelewana nayo alijua pa kuyakuta.

Khalifa Hisham wa Bani Umayya, ukoo uliotawala dola ya Kiislamu, alilijua hilo. Alitawala mwaka 724 hadi 743, akajenga majumba yake nje ya kuta, akaishi hapo, akafia hapo. Msikiti wake ulijengwa ubavuni mwa kanisa kuu, ukichukua sehemu ya ua wake, na kutoka uani humo iliwezekana kuingia upande wa kanisa palipokuwa na masalia. Kanisa halikubomolewa wala halikufungwa.

Baada ya Bani Umayya kuanguka mwaka 750 na tetemeko la ardhi kuuharibu mji mwishoni mwa karne hiyo, Resafa ilipungua, lakini Wakristo wake walibaki, na hija iliendelea kwa karne nyingine nyingi. Tabibu Ibn Butlan wa Baghdad, aliyepita katika karne ya 11, aliwakuta wenyeji wengi wakiwa Wakristo wanaojipatia riziki kwa kusindikiza misafara. Ni uvamizi wa Wamongolia katika karne ya 13 uliowamaliza. Waliosalia walihamia Hama na miji mingine. Mwaka 1982 wanaakiolojia wa Kijerumani walichimba kwenye ua wa kanisa kuu wakakuta vyombo vitano vya fedha vilivyofukiwa wakati wa hatari hiyo. Kimoja ni kikombe chenye nembo za ukoo wa Coucy wa kaskazini mwa Ufaransa. Zaidi ya miaka 800 baada ya Sergius kuuawa, kanisa lake lilikuwa bado linapokea vitu vya thamani.