Cheki: neno la Kiingereza lililoanzia kwa mfalme wa Kiajemi

Mombasa neno cheki halikauki kinywani. Makanga wa matatu za Bamburi hulitumia kumwonyesha dereva abiria aliyesimama ng'ambo ya barabara. Vijana wakiagana huambiana "nicheki jioni", yaani nitafute kwa simu. Fundi anacheki oili, mgonjwa anaenda chekiapu, karani anasubiri cheki ipite benki. Kwa kuwa limezagaa hivyo, kila baraza lina maelezo yake juu ya lilikotoka, na mengi ya maelezo hayo hayasimami.

Dhana: maana ya asili ya cheki ni kutazama

Hiyo ndiyo maana changa kuliko zote.

Neno "check" liliingia katika Kiingereza Zama za Kati kutoka Kifaransa cha kale, ambako lilitamkwa "eschec". Wafaransa walilipata katika Kilatini cha zama hizo, "scaccus", na Kilatini kilikuwa kimelipokea kutoka kwa Waarabu, ambao nao walilitoa kwa Waajemi: shah, yaani mfalme. Halikuja kama jina la kitendo, bali kama ukelele. Mchezaji wa sataranji, yaani chesi, akimtishia mfalme wa mwenzake, alitamka "shah!" ili mwenzake ajue mkuu wake yumo hatarini.

Ukishapigiwa ukelele huo, mchezo wako wote unasimama. Huruhusiwi kusogeza kete kwa sababu nyingine yoyote ila kumwokoa mfalme. Kwa hiyo Waingereza walianza kulitumia neno hilo nje ya ubao kwa maana ya kusimamishwa ghafla, kisha kuzuia, kisha kudhibiti. Ndiyo maana hadi leo wanasheria wakieleza namna Bunge, Mahakama na Serikali zinavyozuiana zisipite mipaka, Kiingereza hutumia "check", na hapo hakuna anayetazama chochote. Maana ya kuhakiki, kulinganisha kitu na kingine ili kuona kama vinakubaliana, ilijitokeza kwenye karne ya 17 inaelekea mwisho.

Sisi tukalisogeza mbele zaidi. Kijana anayesema "cheki yule" hahakiki kitu. Anataka tu ugeuze shingo.

Dhana: "checkmate" maana yake mfalme amekufa

"Checkmate" ni tamko la kumaliza sataranji, mfalme asipoweza tena kuokolewa. Dhana hii ni rahisi kuiamini hapa kwetu kuliko London, maana sisi tuna mauti na maiti, na sikio linakamata "mat" papo hapo. Waarabu pia walisikia hivyo hivyo: "shah mat" walioikuta kwa Waajemi waliifungamanisha na kitenzi chao cha kufa, na tafsiri hiyo ndiyo iliyosambaa Ulaya. Lakini katika Kiajemi "mat" ni mtu aliyeshindwa la kufanya, aliyepigwa bumbuwazi. Mfalme hana pa kwenda.

Na ukiitazama kanuni ya mchezo utaona Waajemi wana hoja. Ndovu huliwa, farasi huliwa, askari wa miguu huliwa kama njugu. Mfalme haliwi kamwe. Mchezo unakoma akiwa bado amesimama ubaoni, amezingirwa.

Dhana: chesi ni mchezo wa Wazungu, walituletea shuleni

Jina chesi ndilo lililokuja na shule. Mchezo wenyewe ulitoka India karibu karne ya 6, ukiitwa chaturanga, "viungo vinne", yaani vikosi vinne vya jeshi: tembo, magari ya vita, wapanda farasi na askari wa miguu. Waajemi wakauita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi karne ya 7 wakauchukua na kuuita shatranji, kisha ukapenya Ulaya kupitia Hispania na Sisilia. Huko ndiko waziri wa mfalme alikogeuzwa malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 malkia huyo akapewa uwezo wa kufagia ubao mzima.

Kiswahili kina sataranji, na kamusi zetu zina shaha kwa maana ya mfalme wa mchezo huo. Maneno hayo mawili yana sauti ya Kiarabu na Kiajemi, hayana hata chembe ya Kiingereza. Shaha tukamvisha pia malenga aliyewapita wenzake. Kwa hiyo mtu wa Mvita akisema "cheki, shaha wa malenga yule", ametamka neno moja mara mbili: moja limefika kwa Bahari Hindi, jingine limezunguka Ulaya nzima kwanza.

Chesi yenyewe, kwa taarifa, ni wingi wa neno lilo hilo. "Eschec" ni mmoja, "esches" ni wengi, na hao wengi wakafupishwa wakawa "chess".

Shehe hahusiki. Watu wakisikia shaha na Shehe Mvita, anayesimuliwa kuwa mmoja wa waasisi wa Mombasa, huwafanya ndugu, lakini shehe ni Kiarabu chenye asili ya utu uzima. Mzee, mwenye mvi zake.

Dhana: cheki ya benki imetokana na "sakk" ya Kiarabu

Hii nimeisikia msikitini, nimeisikia chuoni, na hupendwa sana kwa sababu nusu yake ni kweli tupu. Sakk ilikuwepo. Wafanyabiashara wa dunia ya Kiislamu waliandikiana hati za malipo na za deni karne nyingi kabla benki za London hazijafunguliwa. Msafiri Ibn Hawqal, aliyezunguka Afrika ya Kaskazini katikati ya karne ya 10, ameeleza kwamba aliona sakk ya dinari 42,000, deni la mfanyabiashara wa Awdaghust, kusini mwa Sahara, kwa mtu wa Sijilmasa, mji ulio katika Moroko ya leo. Fedha nyingi namna hiyo, zikiwakilishwa na karatasi moja iliyovuka jangwa! Mwenye kusema Waislamu walitangulia katika jambo hili hajakosea.

Anakosea anapoifanya sakk kuwa mama wa neno. Hati ya malipo ilipoanza kuitwa "check" huko Uingereza, karne ya 18 mwanzoni, jina hilo lilikuwa la kile kipande kinachobaki kitabuni, ambacho mwenye benki hukilinganisha na karatasi iliyoletwa ili ajue kama si ya kughushi. Ni ile maana ya kuhakiki. Jina likahama kutoka kipande kilichobaki hadi karatasi iliyotoka. Njia ya neno hilo inaonekana wazi ndani ya Kiingereza chenyewe, na haipiti kwenye sakk.

Lakini kwa nini liandikwe "cheque", na lile "que" la Kifaransa? Hapo ndipo sataranji inarudi kwa mlango wa nyuma, kupitia kwa wakusanya kodi.

Idara ya fedha ya wafalme wa Uingereza iliitwa Exchequer, na hadi leo waziri wa fedha wa nchi hiyo anaitwa Chancellor of the Exchequer. Wengi hudhani ni jina la sanduku au chumba cha hazina. Ni jina la kitambaa. Idara hiyo inatajwa kuanzia 1110, enzi ya Henry I, na kitabu kilichoandikwa karne hiyo hiyo ya 12 na mweka hazina Richard FitzNeal kinaeleza meza yake: futi 10 kwa futi 5, imetandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, kama ubao wa sataranji. Maofisa wa majimbo walikuja mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Septemba mwishoni, kukaa mbele ya meza hiyo. Kila safu ilikuwa na thamani yake, peni, shilingi, pauni, na kete zilisogezwa kuonyesha kiasi kinachodaiwa na kiasi kilicholetwa. Wengi wao hawakujua kusoma, na hata anayejua hesabu hawezi kujumlisha haraka kwa tarakimu za Kirumi. FitzNeal mwenyewe anasema mapambano hapo ni kati ya mweka hazina na mtoza kodi, mmoja akimkaba mwenzake.

Stakabadhi zao zilikuwa vijiti. Walichonga alama za kiasi, wakakipasua kijiti katikati, kila upande ukabaki na nusu yake; siku ya hesabu nusu mbili zikikutanishwa, alama lazima zioane. Mtindo huo ulidumu hadi 1826. Mnamo Oktoba 16, 1834, vijiti vilivyorundikana vilichomwa katika tanuri za chini ya Bunge, moto ukashika majengo, na Bunge la Uingereza likateketea. Serikali kuchoma bunge lake kwa stakabadhi za kodi ni jambo ambalo hata wapinzani wake hawangelitunga.

Ubao wa sataranji, "chequer", ulitokana na lile lile "shah". Waingereza walipoandika jina la hati ya benki, mkono ulivutwa na tahajia ya Exchequer, wakapata "cheque". Kwa hiyo mtu anayetoka Treasury Square ya Mombasa kwenda kuweka cheki benki, hapo hapo Nkrumah Road, anamtaja mfalme wa Kiajemi bila habari.

Dhana: Wamarekani hawajui kuandika "cheque"

Wao wameshika "check", ambayo ndiyo tahajia ya zamani. Waliopamba ni Waingereza.

Dhana: hundi ni tafsiri ya cheki

Leo tunazitumia kwa maana moja, na taarifa ya habari ikisema hundi kila mtu anaelewa. Ila hundi haikubuniwa na wataalamu wa lugha ili kufasiri neno la Kiingereza. Ni neno la Kihindi, na jambo lenyewe lilikuwa likitumika kati ya wafanyabiashara wa Bahari Hindi pasipo benki yoyote. Mfanyabiashara aliandika amri kwa wakala wake wa mji mwingine: mlipe huyu kiasi hiki, siku fulani. Kilichoipa karatasi nguvu ni jina la mwandishi wake. Wenye mitandao mikubwa ya maduka, kama Allidina Visram ambaye sanamu yake imo Treasury Square na maduka yake yalifika Uganda, walifanya biashara katika dunia ya namna hiyo. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa 1896, na vitabu vya cheki vikafuata. Jina la zamani likavishwa karatasi mpya.

Tangu 2009 benki za Kenya hazipokei hundi inayozidi shilingi milioni moja. Malipo makubwa hupitia mfumo wa kielektroniki. Hundi ya Kihindi haikuwa na mpaka huo.

Mengine ya haraka

Jina la ukoo Shah, lililojaa kwenye vibao vya maduka ya Wagujarati mjini, halina uhusiano na wafalme wa Iran. Lina asili ya Kihindi, ni jina la heshima la wafanyabiashara, na kufanana kwa herufi kumewapoteza wengi.

Jamhuri ya Cheki nayo imepata jina kwa watu wake, Waslavi wa huko. Si nchi ya mabenki wala ya sataranji.

Na wale wanaolihusisha neno cheki na kucheka wanatania, lakini utani wao una mahali pa kushika. Kitenzi cha mkopo kama cheki hakibadili irabu ya mwisho kinapokanushwa, na cheka kinabadili. Ukiambiwa "karani yule hacheki", ngoja sentensi iishe ndipo ujue kama hacheki karatasi zako au hacheki na mtu.