Aliyerudishwa kutoka Marekani asidanganywe na pasipoti mpya

Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Tanga, wazazi kutoka Ngamiani na Makorora huja na habari zinazofanana: kijana wao alidipotiwa kutoka Marekani, na sasa amejitokeza wakala anayedai kwamba akibadili jina na kupata pasipoti mpya atarudi bila shida. Huyo wakala anawauzia kesi ya jinai. Ubalozi huchukua alama za vidole vyote kumi, na vidole havibadilishwi jina.

Wengi hudhani kufukuzwa ndiyo adhabu yenyewe, imekwisha. Sivyo. Sheria ya Marekani ya Uhamiaji na Uraia ya 1952, katika kifungu ambacho mawakili wa huko hukitaja kwa namba yake, 1326, inamfanya mkosaji mtu aliyeondolewa kwa amri akaingia tena bila idhini, aliyejaribu kuingia, au aliyekutwa tu ndani ya nchi. Si lazima anaswe mpakani. Anaweza kukaa miaka kadhaa kwa utulivu, siku moja akasimamishwa na trafiki kwa taa mbovu, yakaibuka yote.

Kifungo ni hadi miaka 2. Kama kabla ya kufukuzwa alitiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, kinafika 10. Na kwa kundi la makosa yanayohesabiwa kuwa mazito zaidi, 20. Kundi hilo ni pana kuliko watu wanavyofikiri. Hata wizi uliohukumiwa kifungo cha mwaka 1 unaweza kuingia humo.

Kwenye mahakama ya uhamiaji, kwa kawaida serikali haikulipii wakili. Ukishitakiwa kwa jinai na huna uwezo wa kumlipa, unapewa. Ila wakili huyo ana nafasi finyu. Kuwa na mke na watoto kule hakufuti kosa. Anaweza kuipinga amri ile ya kwanza, lakini lazima athibitishe mambo matatu: mteja alitumia njia za rufaa zilizokuwapo, alinyimwa fursa ya kufika mahakamani, na utaratibu haukuwa wa haki. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ilisisitiza kwamba yote matatu ni ya lazima. Kifungo kikiisha, amri ya zamani hufufuliwa na mtu hurudishwa tena, mara nyingi bila kusikilizwa upya na jaji.

Njia halali ipo, ingawa ni ya polepole. Katazo la kurudi huwa la miaka 5, 10, 20 au maisha, na kabla halijaisha idhini huombwa kwa fomu I-212. Sisi tuliozoea kusikia habari za njia za panya za Horohoro, mpakani na Kenya, tuelewe hili vizuri: aliyefukuzwa Marekani akarudi kwa kujipenyeza anafungiwa maisha, na hawezi hata kuomba idhini mpaka akae nje miaka 10.

Mkija kwetu, leteni karatasi ya onyo aliyopewa wakati wa kuondolewa. Humo mmeandikwa kipindi cha katazo. Kama imepotea, nakala ya jalada lake inaweza kuombwa akiwa hapahapa Tanga.