Kijiko cha chai si kipimo cha dawa

Wengi wetu tumekuzwa tukiamini kwamba kijiko chochote cha chai hubeba mililita 5. Sivyo. Mililita 5 ni kipimo kilichokubaliwa kwenye vitabu vya mapishi na maandishi ya dawa. Kijiko kilichomo kabatini kwako kilitengenezwa kukoroga chai, na fundi wake hakuwa na sababu ya kupima ujazo. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 7.

Kwa sukari, si neno. Kwa mtoto mwenye homa ni jambo zito. Chukua dawa ya maji ya parasetamoli yenye miligramu 120 katika kila mililita 5: kijiko cha mililita 3 kitampa miligramu 72, cha mililita 7 kitampa 168. Chupa ileile, mama yuleyule, dozi mbili tofauti kabisa.



Tumia kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au bomba la sindano lisilo na sindano, linalouzwa duka la dawa. Ukitumia kikombe, kiweke juu ya meza, kisha inama usome alama macho yakiwa usawa wake.