Kila Mtu na Chombo Chake? Dhana Potofu Kuhusu Kufunga Vyombo vya Bendi

Bendi inaweza kubishana wiki nzima kuhusu nani aimbe ubeti wa pili, lakini suala la nani avute waya huachwa lijipange lenyewe. Saa moja kabla ya onyesho utakuta wawili wanahema na spika mikononi, mmoja anatyuni gitaa ambalo lilishakaa sawa, na mwingine simu yake haipokelewi. Wenyewe kwa wenyewe hulaumiana kwa uvivu. Mimi naona mara nyingi chanzo ni imani ambazo wanamuziki hurithishana bila kuzihoji, na moja kati ya hizo imeshaua watu.

"Kila mtu akifunga chombo chake, kazi imegawanyika sawa"

Hii ndiyo mama yao. Inasikika kama haki tupu, lakini hebu fuata sauti ya gitaa la besi kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye sikio la mtu wa safu ya nyuma. Inatoka kwenye gitaa, inaingia kwenye kisanduku cha DI (kiunganishi kati ya chombo na waya mrefu wa maiki), inapita kwenye waya hadi kwenye boksi la chaneli pale jukwaani, ambako waya zote za sauti huchomekwa, inakwenda kwenye miksa, inatoka kwenda kwenye amplifaya, mwisho inafika kwenye spika. Katika safari yote hiyo mpiga besi anamiliki gitaa na pengine hicho kisanduku. Vilivyobaki ni vya wote, na kwa utaratibu wa kila mtu na chake, cha wote hakina mwenyewe. Ndiyo maana watu wanne watakwambia "mimi tayari" huku miksa ingali ndani ya sanduku lake.

Halafu mizigo yenyewe hailingani. Mpiga drams ana ngoma tano, matoazi, stendi za chuma, pedali na kiti, na kila skrubu lazima ikae pale alipoizoea. Mwimbaji anakuja na maiki moja mfukoni. Ukisema kila mmoja ashughulike na chake, umempa mmoja kazi ya nusu saa na mwingine kazi ya dakika moja.

Mgawanyo unaofanya kazi huanzia kwenye vitu vya wote: umeme, spika, monita (spika za kuwasikilizisha wanamuziki wenyewe), miksa, stendi na waya za maiki. Kila kimoja kipewe mtu mmoja kwa jina. Katika bendi ya watu watano ningempa mpiga besi umeme, mpiga kinanda miksa, mpiga gitaa spika na monita (na msaidizi wa kunyanyua, maana spika ya inchi 15 haipandishwi kwenye stendi na mtu mmoja akabaki na mgongo mzima). Mwimbaji achukue stendi na waya zote za maiki. Wengine humwonea haya mwimbaji, eti ndiye sura ya bendi. Sura ya bendi ndiyo yenye mikono mitupu saa hiyo, na ndiyo inayojua maiki ipi huwa na kasoro. Mpiga drams aachwe na drams zake, deni lake atalilipa usiku wakati wa kufungua vyombo.

"Tukianza wote kwa pamoja tutamaliza mapema"

Mtaanza pamoja, ni kweli. Mtamaliza mkirukana. Jukwaa dogo lina mlango mmoja na kona chache, na kazi ya kufunga ina mpangilio wake: spika na zulia la drams kwanza, drams nyuma, amplifaya za jukwaani pembeni mwa drams, kisha waya, na stendi za maiki mwisho kwa sababu ndizo rahisi kugongwa zikaanguka. Amplifaya ya gitaa ikitangulia kukaa mbele, mpiga drams atapitisha kila ngoma juu yake. Afadhali akusanye stendi na matoazi yake chini, kando ya jukwaa, wakati wenzake wanapanga spika, halafu apandishe vitu vilivyokwisha kuungwa.

Kuwasha nako kuna zamu. Miksa na vifaa vingine huwashwa kwanza, amplifaya au spika zenye amplifaya ndani mwishoni kabisa. Wakati wa kuzima ni kinyume chake, amplifaya ndizo za kwanza. Sababu ni rahisi: kifaa kikiwashwa hutoa mshtuko mdogo wa umeme kwenye njia ya sauti, na kama amplifaya iko hewani, mshtuko huo hukuzwa na kutua kwenye spika kwa kishindo. Kishindo kimoja kibaya kinaweza kuondoka na tweta, ile spika ndogo ya sauti za juu. Kwa hiyo swichi za amplifaya ziwe za mtu mmoja, na kabla ya kuzigusa aulize kwa sauti: "Nawasha?" Asipojibiwa, asiwashe. Chombo cha manahodha wengi huenda mrama, na hapa mrama wenyewe husikika ukumbi mzima.

"Waya ni waya"

Anayepewa kazi ya waya mara nyingi ni yule anayeonekana hajui kitu kingine. Makosa. Chukua waya mbili zenye jeki ileile ya milimita 6.35 kila upande, zilaze mezani, hutaona tofauti. Moja ni ya gitaa: ndani ina uzi mwembamba uliozungukwa na wavu wa kukinga kelele. Nyingine ni ya spika: nyuzi mbili nene, hakuna wavu. Ukiunga amplifaya na kabati la spika kwa waya wa gitaa, uzi mwembamba unabebeshwa mkondo usio wa saizi yake, unapata joto, na amplifaya inaweza kuharibika. Ukifanya kinyume chake, ukaunga gitaa kwa waya wa spika, utavuna mngurumo wa kila taa iliyo karibu. Amplifaya za valvu, zile zenye vioo vinavyowaka ndani, zina ukorofi wao wa ziada: zikipigwa bila spika kuungwa, transfoma ya kutolea sauti iko hatarini. Utepe wa rangi kwenye ncha za waya za spika unamaliza mjadala wote huu, na kazi hiyo hufanyika nyumbani.

Waya wa maiki wenye pini tatu ni habari nyingine. Ndani yake sauti husafiri katika nyuzi mbili, moja ikiwa imegeuzwa. Kelele inayoingia njiani huzipata zote mbili sawasawa, na upande wa pili miksa hutoa tofauti kati yao, kelele ikajifuta. Ndiyo maana waya huo unaweza kukimbia makumi ya mita bila wasiwasi, ilhali wa gitaa ukipita mita 6 hivi sauti za juu huanza kufifia. DI ipo kwa ajili hiyo: inapokea kutoka kwenye waya mfupi wa gitaa na kukabidhi kwa waya mrefu wa maiki.

"Ukiingia mngurumo, ondoa pini ya ardhi"

Hapa sina utani. Kuna mafundi wazuri kabisa, wenye masikio, ambao bado huvunja pini ya ardhi kwenye plagi au huziba kwa utepe ili mngurumo unyamaze. Na kweli unanyamaza. Lakini waya wa ardhi ndio unaopokea umeme pale kifaa kinapopata hitilafu ndani. Ukiuondoa, njia inayobaki ni mwanamuziki mwenyewe: mkono mmoja kwenye nyuzi za gitaa, midomo kwenye chuma cha maiki. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, alifia jukwaani Swansea, Wales, alipogusa maiki ambayo haikuwa na ardhi.

Mngurumo wenyewe mara nyingi hutokana na vifaa kuchukua umeme na ardhi kutoka sehemu tofauti, miksa kwenye ukuta huu na amplifaya kwenye ukuta ule, halafu waya wa sauti ukaviunganisha. Dawa ni kulisha jukwaa na miksa kutoka mzunguko mmoja wa umeme, kama unahimili mzigo. Mngurumo ukibaki, bonyeza swichi ya kuachia ardhi iliyo kwenye DI. Hiyo huachia wavu wa waya wa sauti tu, ardhi ya umeme haiguswi.

Anayeshika umeme pia ndiye anayekunjua ekstensheni ya gurudumu yote, hata kama inahitajika mita mbili tu. Ikibaki imejizungusha huku imebeba mzigo, joto halina pa kutokea na plastiki inaweza kuyeyuka. Watu hubisha kwamba waya uliolala ovyo unaleta uchafu jukwaani. Basi usukumwe nyuma ya drams. Na waya wa umeme ukikutana na wa sauti, vipishane kwa msalaba, visilale sambamba.

"Fundi mitambo yupo, sisi wetu ni kupiga"

Fundi mitambo hawezi kukisia kwamba mpiga tumba naye huimba. Kabla hajafika anahitaji vitu viwili: orodha ya chaneli (ngapi, za nini, zenye maiki au DI, zipi zinataka volti 48 kutoka kwenye miksa) na mchoro wa jukwaa unaoonyesha nani anasimama wapi na soketi inahitajika wapi. Karatasi moja inatosha. Maiki nyingi za kuimbia jukwaani hazihitaji hizo volti 48. Maiki za kondensa, aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi, na DI za aina fulani bila hizo hubaki kimya, na kimya hicho kimewahi kubadilishiwa waya tatu bure.

Halafu kuna kujaribu njia, ambako wengi hukuchanganya na kujaribu sauti. Kujaribu njia ni kazi ya watu wawili na haihitaji bendi. Mmoja yuko kwenye miksa, mwingine anatembea jukwaani kutoka maiki hadi maiki akiikuna kidogo na kutaja namba. "Tatu." Kimya. "Tatu, naikuna." Taa ya chaneli ya tano inawaka. Basi wameshajua: waya zimepishana kwenye boksi, zinabadilishwa, wanaendelea na nne. Hilo likiisha ndipo bendi ipande, ipige, na fundi aanze kupanga sauti. Ukiyafanya yote mawili kwa mpigo, watu sita watasimama na vyombo mkononi wakisubiri jeki moja.

Na ule mluzi wa maiki, ambao lawama zake zote humwangukia fundi? Nusu yake hupangwa na aliyeweka monita. Maiki hutofautiana kwa pande zinazosikia: ya kadioidi haisikii vizuri mgongoni, kwa hiyo monita ikae nyuma yake moja kwa moja. Ya supakadioidi, yenye uelekeo mwembamba zaidi, ina sikio dogo mgongoni. Sehemu yake kiziwi iko kando, kama digrii 125 kutoka mbele, kwa hiyo monita ivutwe pembeni. Mtu wa monita asipojua mwimbaji ana maiki gani, anabahatisha. Naye mwimbaji akikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja anaziba matundu yanayoipa uelekeo wake, na hapo hakuna pembe itakayomsaidia.

Kubeba spika zaidi hakuokoi sana. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu huhitajika takriban wati mara kumi. Spika mbili zilizoinuliwa juu ya vichwa vya watu zinaweza kufika mbali kuliko nne zilizokaa sakafuni. Waliowahi kwenda upande wa pili kabisa ni Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, mwaka 1974: mtambo wa tani 75 hivi, spika zikiwa nyuma ya wanamuziki, na kila mwimbaji akiwa na maiki mbili zilizogeuzana ili kelele za spika zifutane. Walilazimika kuwa na majukwaa mawili, moja likijengwa mji unaofuata wakati la kwanza linatumika. Mwaka huohuo wakapumzika ziara, gharama zikiwa miongoni mwa sababu.

"Bendi ya kwanza kupiga ndiyo ya kwanza kujaribu sauti"

Bendi zikiwa tatu usiku mmoja, utaratibu uliozoeleka ni kinyume. Inayofunga onyesho hujaribu kwanza, inayofungua hujaribu mwisho, na vyombo vyake hubaki hapohapo jukwaani tayari kwa kuanza. Drams huwa moja kwa wote, ila kila mpigaji huja na snea yake (ngoma ndogo yenye mlio mkali), matoazi yake na pedali yake, vitu vinavyopigwa hadi kupasuka au vilivyozoea mguu wa mtu. Haya yakubaliwe siku kadhaa kabla. Kuomba matoazi ya mwenzako ukiwa umeshasimama ukumbini ni kumtia kwenye kona isiyo ya haki.

Kuhusu kufungua vyombo baada ya onyesho, imani iliyoenea ni kwamba mtu yeyote anaweza kukunja waya. Waya ukizungushiwa kiwiko hujisokota, na nyuzi zilizosokotwa hukatika ndani bila alama nje. Mkunjo unaodumu ni wa kupishanisha: duara moja kawaida, la pili unageuza kiganja ili lipinduke kwa ndani, na kuendelea hivyo. Ukishika ncha moja na kurusha, waya wote unafunguka bila fundo. Mpiga drams, ambaye deni lake limefika, ajifunze huo kwanza. Na waya uliokuwa ukikatakata sauti usiku huo usirudi kwenye boksi pamoja na mizima. Ufungwe fundo la alama papo hapo, kabla aliyegundua hajaitwa kupiga picha na mashabiki.