Dola la kikanda: ni nchi ya aina gani, na ina kazi gani katika siasa za dunia?

Dola la kikanda ni nchi ambayo majirani zake hawaamui jambo kubwa bila kujiuliza kwanza yenyewe italipokeaje, ingawa nje ya kanda hiyo sauti yake hufifia. Hapo ndipo linapotofautiana na madola makubwa ya dunia kama Marekani na China, ambayo mkono wao unafika karibu kila mahali. Nigeria ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu mwezi Agosti 2019, wafanyabiashara wa Benin waliumia hadi ilipofunguliwa tena Desemba 2020. Asia Mashariki wengi hata hawakujua kuna mpaka uliofungwa.

Neno hili hutumiwa ovyo sana. Mara nyingi mtu hutazama ramani, akaona nchi pana yenye watu wengi, basi akaiita dola la kikanda. Ukubwa peke yake hautoshi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3 na madini yanayotafutwa na dunia nzima, lakini kwa miaka mingi majeshi ya majirani ndiyo yamekuwa yakiingia kwake, si lake kwenda kwao.

Kinachohitajika kwanza ni uwezo: uchumi unaozidi wa majirani kwa mbali, jeshi linaloweza kusafirisha askari na kuwalisha nje ya mipaka kwa miezi kadhaa, na wanadiplomasia wa kutosha. Pili ni nia ya kulipa gharama, maana uongozi wa kanda ni wa kutoa zaidi kuliko kupokea. Tatu ni kukubalika, na hapa ndipo wengi hukwama. Majirani wanaweza kuiogopa nchi bila kuifuata. India, kwa mfano, ni kubwa kuliko majirani zake wote wa Asia Kusini wakijumlishwa pamoja, lakini jumuiya ya kanda hiyo, SAARC, iliyoundwa mwaka 1985, haijafanya mkutano wa wakuu wa nchi tangu ule wa Kathmandu wa 2014, kwa sababu India na Pakistan hazielewani.

Kazi za dola la kikanda nyingi hazionekani kwenye habari. Hulipa sehemu kubwa ya bajeti ya jumuiya, hutoa makao makuu (ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, iko Abuja nchini Nigeria; sekretarieti ya ASEAN, jumuiya ya Asia ya Kusini-Mashariki, iko Jakarta nchini Indonesia), na hupokea wakimbizi jirani anapoungua. Afrika Kusini ni mfano mzuri wa nguvu ya kimya ya namna hii. Kupitia SACU, umoja wa forodha wa nchi za kusini mwa Afrika ulioanza mwaka 1910, ushuru wa bidhaa zinazoingia hukusanywa na kugawanywa kwa wanachama, na mgao huo ni sehemu kubwa ya mapato ya serikali za Lesotho na Eswatini. Nchi ambayo bajeti yake imesimama juu ya mgao huo haihitaji kutishwa kwa vifaru ili ifikirie mara mbili.

Kazi inayoonekana zaidi ni kuzima moto: kupatanisha, kuweka vikwazo au kupeleka askari. Ili kuelewa kwa nini mara inafaulu na mara inashindwa, linganisha matukio mawili ya ECOWAS, jumuiya ambayo Nigeria ndiyo mhimili wake.

Desemba 2016, Yahya Jammeh wa Gambia alishindwa uchaguzi na Adama Barrow. Kwanza alikubali matokeo, kisha baada ya siku chache akayakataa. ECOWAS ilituma marais kumsihi. Aliposhikilia msimamo, askari walisogezwa mpakani, wengi wao wa Senegal, huku Nigeria ikileta ndege za kivita. Tarehe 19 Januari 2017 Barrow aliapishwa katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar, na siku hiyohiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatoa azimio la kumuunga mkono. Siku mbili baadaye Jammeh alipanda ndege kwenda uhamishoni Guinea ya Ikweta.

Sasa tazama Niger. Jeshi lilimpindua Rais Mohamed Bazoum tarehe 26 Julai 2023, wiki chache tu baada ya Bola Tinubu wa Nigeria kushika uenyekiti wa ECOWAS. Tarehe 30 Julai wakuu wa nchi walikutana Abuja wakawapa wanajeshi wiki moja kumrudisha rais madarakani, la sivyo nguvu ingeweza kutumika. Mipaka ilifungwa, fedha zikazuiwa, na Nigeria ikakata umeme ambao Niger ilikuwa ikiutegemea kwa takriban asilimia 70. Wiki ikapita, na hakuna askari aliyevuka mpaka.

Kwa nini? Gambia ni nchi ndogo iliyozungukwa na Senegal pande zote isipokuwa baharini, na jeshi lake halikuwa tayari kufa kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kura. Palikuwa na mshindi halali wa kumweka kitini, na kila chombo cha kimataifa kilikuwa upande mmoja. Niger ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.2, jeshi lake lilisimama na waliopindua, na Mali na Burkina Faso zilitangaza kwamba kuishambulia Niger ni kuzishambulia wao. Ndani ya Nigeria kwenyewe majimbo saba yanapakana na Niger. Wahausa wako pande zote mbili, wanaoana na kufanya biashara. Maseneta waligoma kuunga mkono vita, huku jeshi tayari likiwa na mzigo wa Boko Haram kaskazini mashariki. Kwa maneno mengine, uwezo wa kutisha ulikuwepo, lakini gharama ya kutekeleza tishio ingeangukia nyumbani kwa mtishaji.

Tishio lisilotekelezwa lina bei yake. Septemba 2023 Mali, Burkina Faso na Niger zilianzisha Muungano wa Nchi za Sahel. Januari 2024 zikatangaza kujitoa ECOWAS. Mwezi uliofuata jumuiya ililegeza vikwazo vikubwa dhidi ya Niger, lakini maji yalikuwa yameshamwagika: tarehe 29 Januari 2025 kujitoa kukawa rasmi, na wanachama wakabaki 12 badala ya 15.

Kosa la upande wa pili ni kuingia kweli bila kujua utatokaje. India ilipeleka kikosi cha kulinda amani Sri Lanka mwaka 1987 kwa makubaliano na serikali ya Colombo. Katika muda mfupi kilijikuta kikipigana na Tamil Tigers, waasi wa Kitamil waliokuwa wakipigana na serikali hiyo, wale ambao kilitarajiwa kuwanyang'anya silaha kwa amani. Kiliondoka mwaka 1990 kikiwa kimepoteza askari zaidi ya 1,000, huku pande zote mbili za mgogoro zikikichukia.

Kuna pia ubabe unaozaa kinyume. Juni 2017 Saudi Arabia na washirika wake waliifungia Qatar anga, bahari na mpaka wake pekee wa nchi kavu, wakatoa masharti 13, likiwemo la kufunga televisheni ya Qatar, Al Jazeera, na kituo cha kijeshi cha Uturuki kilichoko Qatar. Qatar ilipitisha ndege zake Iran, ikaisogelea Uturuki zaidi, na Januari 2021 mzozo ukamalizwa bila Al Jazeera wala kituo hicho kufungwa. Saudi Arabia ilikuwa imewapa wapinzani wake wawili nafasi ya kumsaidia jirani yake mwenyewe. Katika kanda yenye fahali zaidi ya mmoja, jirani mdogo daima ana mlango mwingine wa kubisha.

Mlango huo unaweza kuwa mbali pia. Australia iliongoza ujumbe wa kurejesha utulivu Visiwa vya Solomon kuanzia 2003 hadi 2017, kazi ndefu na ya gharama kubwa. Mwaka 2022 serikali ya visiwa hivyo ilitia saini mkataba wa usalama na China. Ndivyo madola makubwa na ya kikanda yanavyohusiana: mkubwa hupenda mzigo ubebwe na mwenye kanda kwa sababu ni rahisi kwake, lakini mwenye kanda akilegea, au majirani wakimchoka, mkubwa mwingine huingia mwenyewe.

Mahali ambapo madai ya uongozi hupimwa waziwazi ni Umoja wa Mataifa, New York. Brazil, Ujerumani, India na Japani zimekuwa zikidai viti vya kudumu katika Baraza la Usalama kwa pamoja tangu miaka ya 2000. Wanaowapinga kwa bidii zaidi ni akina nani? Argentina na Mexico dhidi ya Brazil, Italia dhidi ya Ujerumani, Pakistan dhidi ya India, Korea Kusini dhidi ya Japani. Afrika nayo, katika msimamo wake wa pamoja wa 2005 uitwao Ezulwini, inadai viti visivyopungua viwili vya kudumu vyenye kura ya turufu, na hadi leo haijataja ni nchi zipi zitavikalia. Nigeria, Afrika Kusini na Misri kila moja inajua jibu lake, na hakuna lililo sawa na la mwenzake.